Mwalimu Anajibu: Weita Aliyeingia Seneti ya Georgia

Toleo lililopita nilimtaja Tunis Campbell kwa mistari michache: Mmarekani Mweusi, mhudumu wa hoteli, baadaye seneta wa jimbo la Georgia baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kisha mfungwa wa kazi ngumu akiwa na miaka 63. Barua zilizokuja ni nyingi. Wapo waliouliza mambo ya sheria, wapo wa ardhi, na yupo mzee wa Temeke aliyenigombeza. Nimezipokea zote kwa furaha. Nimefundisha historia katika sekondari za hapa Dar es Salaam mpaka nikastaafu, na mtu huyu sikuwahi kupata kipindi cha kumfundisha. Leo safu yote nimempa yeye.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni weita kwenye hoteli moja hapa mjini. Uliandika kwamba Campbell alikuwa mhudumu wa hoteli kabla hajawa seneta. Wenzangu kazini wanabisha, wanasema lazima alikuwa mwenye hoteli. Ni kweli kazi yake ilikuwa hii yetu? Na mtu wa kazi kama hii alifikaje huko? (Msomaji, Sinza)

Marahaba, mwanangu. Waambie wenzako kazi ilikuwa hiyo hiyo. Hoteli hakuwa nayo. Kati ya 1842 na 1845 alikuwa mkuu wa wahudumu katika hoteli ya Howard jijini New York, halafu akahamia Adams House ya Boston. Mwaka 1848 akachapisha kitabu cha kuelekeza kazi hiyo, miongoni mwa vya mwanzo kabisa vya aina yake nchini Marekani.

Ndani yake ameeleza jinsi ya kuwafundisha mawaita gwaride. Wanafanya mazoezi kama askari, wanaingia chumba cha kulia kwa mstari, kila mtu anaijua nafasi yake, sahani zinatua mezani kwa ishara. Mapishi yamo pia. Ila mahali ninapopapenda mimi ni pale anapomgeukia mwajiri na kumwambia kwamba mhudumu ni mtu mwenye heshima yake, alipwe vizuri, apewe nafasi ya kujielimisha. Kumbuka ni 1848, na katika nusu ya nchi ile mtu Mweusi alikuwa anauzwa mnadani.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1812 huko Middlebrook, New Jersey, mtoto wa mhunzi, wa nane kati ya watoto kumi. Alipofika miaka mitano alipelekwa shule ya kanisa la Kiepiskopali mjini Babylon, New York, ambako wanafunzi wengine wote walikuwa Wazungu. Akakaa huko hadi miaka 18. Waliomsomesha walikuwa na lengo lao: awe mmisionari wa kwenda Liberia. Wakati ule kulikuwa na jumuiya kubwa ya Wazungu, iliyoanzishwa 1816, iliyotaka Weusi walio huru wapakiwe melini warudishwe Afrika. Kijana Campbell alikataa. Alisema hataondoka Marekani mpaka kila mtumwa awe huru kwenye ardhi ile ile. Mwaka 1832, akiwa na miaka 20, akaanzisha chama chake cha kupinga mpango huo, na kwa miaka mingi akawa anafanya kazi hotelini na kuhutubia mikutano ya kupinga utumwa, mingine jukwaa moja na Frederick Douglass, yule mwanaharakati Mweusi maarufu aliyetoroka utumwani.

Kwa hiyo ukiuliza alifikaje, mimi naona hoteli ilimfundisha nusu ya uongozi. Mtu anayeweza kuwapanga watu arobaini wasigongane, ambaye ameshawasoma wakubwa wakiwa wameshiba na wakiwa na hasira, ambaye anajua hesabu ya kila kijiko, huyo ukimpa kisiwa ataendesha kisiwa. Na hapa kwetu usidharau watu wa kazi yako. Miaka ya 1950, wakati wa kudai uhuru, chama cha wafanyakazi wa majumbani na mahotelini kilikuwa miongoni mwa vyama vya wafanyakazi vilivyosikika Dar es Salaam.

Mwalimu shikamoo. Ulisema watu waliotoka utumwani walipewa ekari 40, halafu wakanyang'anywa hata mwaka haujapita vizuri. Walinyang'anywaje na karatasi walikuwa nazo? Nauliza kwa uchungu kwa sababu mimi kiwanja changu nina karatasi ya mtaa tu. (Mama wa watoto wanne, Mbagala)

Marahaba, mwanangu. Swali lako limenikaa moyoni kuliko yote, kwa hiyo nivumilie, nitalijibu kwa urefu.

Tarehe 12 Januari 1865, vita ikikaribia kwisha, Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini, lililopigana na majimbo ya Kusini yaliyoasi ili kulinda utumwa, alikutana na viongozi wa dini Weusi 20 katika mji wa Savannah, Georgia. Msemaji wao alikuwa mzee Garrison Frazier, mhubiri wa miaka 67, aliyekuwa amejinunua yeye na mkewe kutoka utumwani kwa dola 1,000. Akaulizwa watu wenu wanataka nini ili waweze kujitegemea. Akajibu kwamba wanataka ardhi, wailime kwa mikono yao mpaka waweze kuinunua iwe yao. Siku nne baadaye Sherman akatoa amri maarufu namba 15: visiwa vya pwani kuanzia Charleston kushuka kusini, pamoja na mashamba ya mpunga yaliyotelekezwa kando ya mito hadi maili 30 kutoka baharini, yatengwe kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Kila familia isizidi ekari 40. Watu wapatao 40,000 wakakaa humo.

Hapo ndipo Campbell anapoingia. Alikuwa amekwenda Kusini tangu 1863. Kabla ya hapo alikuwa mshirika katika kiwanda cha mikate New York, akaiandikia serikali ya Rais Lincoln kwamba yuko tayari kwenda kuwasaidia watu waliokombolewa, na Wizara ya Vita ikampeleka kwa Jenerali Rufus Saxton huko Port Royal, South Carolina. Mwaka 1865 Saxton akamkabidhi visiwa vitano vya Georgia: Ossabaw, Delaware, Colonels, St. Catherines na Sapelo. Makao yake yakawa St. Catherines.

Akaanzisha serikali kamili pale. Kulikuwa na katiba, seneti ya watu wanane, baraza la wawakilishi la watu 20, mahakama kuu, na walinzi 275 wa kukilinda kisiwa. Akafungua shule, yeye na watu wa nyumbani kwake wakawa miongoni mwa walimu. Watu waliokuwa mali ya mtu miezi michache tu nyuma sasa walikuwa wanakaa kikao, wanabishana, wanapiga kura. Nikisoma habari za kisiwa kile huwa nataka kuwaona wakiwa barazani. Nani alikuwa anasimama mara kwa mara kusema? Nani alikuwa amekaa nyuma na mtoto mgongoni anasikiliza, na baadaye nyumbani ndiye anayeamua?

Sasa tuje kwenye karatasi. Vyeti walivyopewa watu kwa amri ile ya Sherman vilimpa mtu haki ya kukaa na kulima. Umiliki kamili uliachwa usubiri uamuzi wa Bunge la Marekani na Rais. Lincoln aliuawa Aprili 1865. Aliyemrithi, Andrew Johnson, akaanza kuwasamehe waasi wa Kusini, na msamaha ule ukawarudishia mashamba. Wenye watumwa wa jana wakarudi na barua ya msamaha mkononi, na barua ile ikawa na nguvu kuliko cheti cha jenerali.

Oktoba 1865 Jenerali Howard, mkuu wa idara iliyoshughulikia watu waliokombolewa, alikwenda mwenyewe kisiwa cha Edisto, South Carolina, kuwaambia watu kanisani kwamba ardhi inarudi kwa wenyewe wa zamani. Watu walilia, wakapiga kelele, hakuweza kuendelea. Wakachagua wajumbe watatu wakamwandikia. Ndani ya barua walimuuliza jambo hili: unatuomba tuwasamehe wenye mashamba, wewe ulipoteza mkono wako wa kuume vitani na unaweza kusamehe, lakini mtu aliyenifunga kwenye mti akanichapa viboko 39, na sasa anaungana na wenzake ili nisipate ardhi, huyo nitamsameheje? Sijui barua ya wananchi yenye uzito kuliko hiyo.

Kule Georgia, Saxton akaondolewa, akaja Jenerali Davis Tillson. Tillson alitaka watu warudi kulima kwa mikataba ya kibarua chini ya wenye mashamba. Campbell akawaambia watu wasisaini wasichokielewa. Mwaka 1866 akafukuzwa kazi, akatakiwa aondoke kisiwani.

Hakurudi New York. Alivuka kwenda bara, wilaya ya McIntosh, karibu na mji wa Darien kwenye mdomo wa mto Altamaha, akapata shamba la Belleville lenye ekari 1,250. Akawakusanya watu kutoka visiwani, wakaunda chama cha wakulima. Safari hii hakusubiri amri ya jenerali.

Na wewe, mama. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba ulinunua. Itunze, toa nakala, moja mwekee mtu unayemwamini. Lakini haki yako bado iko katikati. Kama mtaa wako umeshapimwa au uko kwenye urasimishaji, fuatilia hati. Kama bado, ulizia leseni ya makazi kwenye ofisi ya ardhi ya manispaa. Nenda mwenyewe, usimtume dalali. Nasema hivi nikiwa na ya nyumbani: baba yangu mdogo aliuziwa eneo ambalo lilikuwa limeshauzwa kwa mwingine, na karatasi zote mbili zilikuwa na muhuri ule ule. Alikufa kesi haijaisha. Ukienda, nenda na majirani zako. Ofisi ikiona watu kumi wenye swali moja huwa inalijibu upesi zaidi.

Habari Mwalimu. Nasoma sheria Mlimani. Umesema wabunge Weusi wa Georgia walifukuzwa bungeni mwaka 1868 kwa sababu ya rangi. Walitumia kifungu gani? Kisheria inawezekanaje kumfukuza mtu aliyechaguliwa? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu)

Nzuri, mwanangu. Hawakutumia kifungu. Walitumia ukimya wa katiba.

Mwaka 1867 Bunge la Marekani liliyalazimisha majimbo ya Kusini kuandika katiba mpya na kuwaandikisha wanaume Weusi kupiga kura. Campbell alikuwa mwandikishaji wa wapiga kura katika wilaya za Liberty, McIntosh na Tattnall, kisha mjumbe wa mkutano wa katiba uliofanyika Atlanta kuanzia Desemba 1867 hadi Machi 1868. Aprili 1868 wilaya hizo tatu zikamchagua seneta. Mtoto wake, Tunis mdogo, akaingia baraza la wawakilishi. Maseneta Weusi walikuwa watatu.

Katiba ile mpya ilisema Mweusi ana haki ya kupiga kura. Haikutamka waziwazi kwamba anaweza kushika madaraka. Baadhi ya wajumbe wa mkutano wa katiba waliliona pengo hilo na wakakubali libaki, kwa kuamini kwamba mpiga kura ni mgombea, hakuna haja ya kulitaja hilo. Wapinzani wao wakangoja. Tarehe 3 Septemba 1868 baraza la wawakilishi likawatoa wajumbe Weusi, likabakiza wanne tu ambao rangi yao ilikuwa nyeupe kiasi cha kushindwa kuthibitisha kitu. Seneti ikafuata siku chache baadaye. Jumla waliopoteza viti kwa ajili ya rangi wanahesabiwa kuwa 33.

Siku ile mhubiri Henry McNeal Turner alisimama akawahutubia. Aliwaambia haombi huruma ya mtu, anadai haki yake kama binadamu, na hatapiga magoti. Itafute hotuba hiyo uisome kwa sauti. Tarehe 19 ya mwezi huo huo, Weusi waliokuwa wakielekea kwenye mkutano wa siasa katika mji wa Camilla walipigwa risasi, wakafa watu wapatao kumi na zaidi. Miongoni mwa walioongoza msafara ule alikuwemo mbunge mmoja aliyefukuzwa.

Campbell na wenzake walikwenda Washington kupeleka malalamiko. Mwaka 1869 mahakama kuu ya Georgia yenyewe ikaamua kwamba Mweusi anaweza kushika madaraka. Desemba mwaka huo Bunge la Marekani likairudisha Georgia chini ya usimamizi wa jeshi na kuamuru waliofukuzwa warudishwe. Januari 1870 Campbell akarudi kwenye kiti chake, na huko akapigania elimu sawa, Weusi waingie kwenye juri (raia wanaokaa mahakamani kuamua kesi), na kura zilindwe.

Unapoandaa mtihani wako wa sheria ya katiba, wakumbuke watu hawa kila unapokutana na neno lililoachwa kwa imani kwamba linaeleweka.

Mwalimu, mimi ni mzee mwenzako. Mtu huyu unamsifia, lakini umeandika mwenyewe kuwa alifungwa na mahakama kwa matumizi mabaya ya madaraka. Vijana wanasoma safu yako. Kwa nini uwape mfano wa mfungwa? (Msomaji wa siku nyingi, Temeke)

Mzee mwenzangu, ahsante kwa kunisoma na kwa kunisema. Nitakujibu bila kuficha kitu.

Tumezoea kumtaja kama seneta, ila pamoja na useneta alikuwa na cheo kingine: mlinzi wa amani katika wilaya ya McIntosh. Huku kwetu watendaji wa kata na vijiji wana cheo cha jina hilo kwa mujibu wa sheria. Cha kwake kilikuwa na mahakama ndogo ndani yake, ya kusikiliza kesi za chini. Nani hajalipwa. Nani kapigwa. Nani kamfungia nani chakula.

Jaribu kuiona wilaya ile. Weusi walikuwa wengi kuliko Wazungu, tena kwa mbali. Ni nchi ya mpunga, mashamba yenye milango ya maji yanayojazwa na kukaushwa kwa kufuata kupwa na kujaa kwa bahari. Kisiwa kimoja hapo, Butler Island, kilikuwa cha familia iliyouza watumwa wapatao 430 kwa siku mbili huko Savannah, Machi 1859, kulipa madeni ya bwana mmoja. Vita imekwisha, watu wale wale wanarudi kulima mpunga ule ule, safari hii kwa mkataba ulioandikwa na mwenye shamba, na wao kusoma hawajui. Aliyekuwa anausoma mkataba ule kwa sauti, anauliza "hapa mmekubaliana nini kuhusu mgonjwa?", anawaambia wasisaini, alikuwa Campbell. Mwenye shamba asipolipa, kesi inakwenda kwake. Nahodha wa meli ya mbao bandarini Darien akimtesa baharia Mweusi, anaitwa mbele yake. Bibi Frances Leigh, binti wa familia ile ya Butler, aliyerudi kuendesha shamba, ameacha kumbukumbu zake kwa maandishi, na ndani yake analalamika kwamba watu wanamtii Campbell kuliko wanavyomsikiliza yeye.

Mimi naamini useneta wangeweza kuuvumilia. Atlanta ni mbali, seneta mmoja anapigiwa kura na wengine wengi, anashindwa, anarudi nyumbani. Cheo kidogo kile ndicho kilichowakosesha usingizi, kwa sababu kwa mara ya kwanza kibarua alikuwa na mahali pa kwenda asubuhi akapata jibu jioni, na aliyekaa kwenye kiti alikuwa anafanana naye. Ndiyo maana walipotaka kummaliza hawakumshtaki kwa lolote alilofanya seneti. Mwaka 1872 walimtoa seneti katika uchaguzi uliogombaniwa, na bado hawakuridhika. Wakaendelea kumfungulia kesi moja baada ya nyingine kuhusu mahakama ile ndogo, hadi ilipopatikana ya kumweka ndani Mzungu mmoja kinyume cha sheria.

Alikuwa mkali? Ndiyo. Aliyeidharau mahakama yake alilala ndani, na simtetei kwa kila amri aliyoitoa. Lakini mlinganishe na mahakimu Wazungu wa majirani zake waliowafunga Weusi kwa kutembea bila kazi, kisha utafute ni wangapi kati yao walioshtakiwa.

Januari 1876 alipelekwa kutumikia kifungo cha mwaka mmoja. Katiba ya Marekani ilipofuta utumwa mwaka 1865 iliacha mlango: kazi ya kulazimishwa inaruhusiwa kama adhabu ya kosa. Georgia iliutumia mlango huo kwa kuwakodisha wafungwa kwa wenye mashamba na wajenzi wa reli. Mzee wa miaka 63, seneta mstaafu, akatolewa kwa mwenye shamba kama ng'ombe wa kukodi. Mke wake Harriet na watoto wakahangaika huku na huku kumtafutia nafuu. Alitoka Januari 1877, akaenda Washington, na mwaka huo huo akachapisha kijitabu cha kueleza mateso yake na ya familia yake. Hakukaa tena Georgia. Alifariki Boston tarehe 4 Desemba 1891.

Kwa hiyo, mzee mwenzangu, vijana nawapa mfano wa mfungwa makusudi. Wajue kwamba hukumu ni ya kusoma hadi mwisho, pamoja na majina ya waliokuwa wanaitaka.

Asalaam aleikum Mwalimu. Nimesikia visiwa hivyo vya Georgia vilikuwa na Waislamu. Ni kweli? (Ustadh, Kariakoo)

Waaleikum salaam. Ni kweli kabisa. Kisiwani Sapelo aliishi Bilali Muhammad, mzaliwa wa Afrika Magharibi, aliyekuwa mnyapara mkuu wa shamba la Thomas Spalding. Alijua kusoma na kuandika Kiarabu. Ameacha maandishi kwa mkono wake, kurasa 13, ambayo kwa muda mrefu watu walidhani ni shajara ya mtumwa. Waliojua wakatambua ni mambo ya fikihi, yaani sheria za dini, ya madhehebu ya Kimaliki, yanayotokana na kitabu cha Risala cha Ibn Abi Zayd al-Qayrawani: udhu, adhana, swala. Aliyaandika kutoka kichwani, utumwani, mbali na mwalimu yeyote. Alifariki miaka ya 1850, kabla Campbell hajafika, lakini kizazi chake kilikuwa bado kisiwani, na kipo hadi leo katika kijiji cha Hog Hammock.

Watu wa visiwa vile wanaitwa Geechee, na ndugu zao wa South Carolina Gullah. Walitwanga mpunga kwa kinu na mchi wakaupepeta kwa ungo wa kusuka. Mama yeyote wa Rufiji angeshika kazi pale bila kuelekezwa.

Je, alipofungwa ndiyo ikawa mwisho wa Weusi kwenye bunge la Georgia? (Msomaji, Kigamboni)

Hapana, na hili ndilo linalonipa fahari. Wilaya yake iliendelea kuchagua. Sehemu nyingi za Georgia Weusi walikuwa wameshazimwa kwa vitisho na kodi ya kura (ulipe kwanza ndipo upige kura), lakini McIntosh iliendelea kupeleka wawakilishi Weusi bungeni, hadi wa mwisho alipoondoka mwaka 1907. Mwaka 1908 jimbo likabadilisha katiba ili kuwaondoa Weusi kwenye daftari la wapiga kura. Baada ya hapo hakuingia mwingine hadi 1962, Leroy Johnson alipochaguliwa seneta. Mwaka 1978 iliwekwa sanamu ya kuwakumbuka waliofukuzwa 1868 kwenye viwanja vya bunge la jimbo, Atlanta.

Wasomaji wawili wa Ilala wameniuliza kuhusu Robert Smalls, mtumwa mshika usukani wa meli, aliyetoroka na meli ya jeshi la Kusini bandarini Charleston usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 1862, na mkewe na watoto wakiwa ndani, kisha akawa mbunge wa South Carolina. Huyo anahitaji safu yake mwenyewe, na nitampa toleo lijalo. Wenye maswali juu yake tumeni mapema, na mkiweza andikeni kwa mkono unaosomeka.